Kukiuka

Shauri la nne asubuhi ile, Mahakama ya Mwanzo, Buguruni:
Jamhuri dhidi ya Sikudhani Pazi, muuza bagia.
Karani ni mimi. Shitaka nililichapa mwenyewe,
mashine ikiruka herufi k, nikaiongeza kwa kalamu:
ukiukaji wa sheria ndogo za jiji.
Neno refu, limevaa tai.

Hakimu Rwechungura akasoma, akauliza kama ni kweli.
Bibi akakaza kanga kiunoni, akafikiri kwa dhati.
"Kukiuka nimekiuka, mheshimiwa.
Lakini mtaro. Ule wa Mchikichini, wenye maji meusi.
Mgambo walipofika na gari lao
nilinyanyua gauni nikakiuka, beseni kichwani.
Hiyo sheria ndogo sikuiona. Labda ni ndogo mno.
Labda nimeikanyaga."

Watu walicheka hadi askari akagonga meza.
Mimi nilibaki na kalamu hewani.
Miaka kumi na tisa nimeliandika neno hilo
bila kuuona mguu uliomo ndani yake.

Maana kiuka ni mguu.
Kabla ya bunge, kabla ya mhuri,
ni mguu ulioinuka ukapita juu ya kitu kilicholala:
gogo, kizingiti, mkeka, mtu.
Kwetu Vingunguti tulilala sita chini, kandili ukutani.
Mdogo wangu Shomvi kanyoosha miguu,
nami nampita juu kwenda mtungini.
"Umemkiuka mwenzio!" Mama, gizani, macho hata hajafumbua.
"Rudi ulikopita, la sivyo hatarefuka."
Nikarudi kinyumenyume, mguu baada ya mguu,
kama mtu anayefuta alichoandika.
Leo Shomvi huinama kuingia mlangoni kwangu.

Kuvunja ni jambo jingine. Kuvunja kuna mikono, kuna kelele,
na vipande vya kuokota.
Sikudhani hakuvunja kitu.
Hata bagia moja haikudondoka.

Kisha lipo halifu, lililotujia kwa Kiarabu.
Maalimu wetu wa chuoni alituapia kwamba mhalifu na khalifa
wametoka tumbo moja:
huyu kaenda kinyume, yule kaja nyuma.
Na wazee waliposema marehemu kahalifu watoto wawili
na minazi saba ya Mbezi,
hawakumsingizia jinai maiti wa watu.
Walisema ameacha. Kaondoka, na kitu kimebaki.
Nilimtazama bibi kizimbani,
nikawaza kilichobaki ng'ambo ile ya mtaro:
jiko lenye moto, kigoda, chupa ya pilipili,
wateja wawili hawajarudishiwa chenji.

"Faini elfu thelathini, au siku saba."

"Mheshimiwa, na nikirudi?"
"Urudi wapi?"
"Ng'ambo ile. Nikiukiuke tena, kinyumenyume."

Safari hii hakucheka mtu.
Hakimu alinigeukia mimi,
kana kwamba kifungu hicho ninacho kwenye faili.
Nikapekua, Mungu ananiona. Nikalamba kidole, nikapekua.
Kuna kifungu cha rufaa, kuna cha dhamana,
kuna kimoja kirefu kuhusu mbuzi wanaozurura.
Cha kurudi ulikopita hakuna.

Niliandika: Mshitakiwa amekiri kosa.
Kisha nikakata neno la mwisho.
Ikabaki: Mshitakiwa amekiri.

Mfukoni nilikuwa na elfu kumi na mbili.
Zilizosalia alizichangisha yule askari aliyegonga meza,
akipita benchi kwa benchi na kofia ya serikali mkononi,
akikiuka miguu ya watu,
jambo ambalo nalo, nadhani, lina kifungu chake.